Nani anastahili kusaidiwa na kaunsili akikosa makazi England? Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wenzetu wanaoishi England: Wakongo, Watanzania, Wakenya, Warundi, Wabarawa. Mimi huwasindikiza watu kwenye ofisi za makazi kama mkalimani wa kujitolea, na mengi kati ya haya huulizwa palepale kwenye viti vya kusubiria, dakika kumi kabla jina halijaitwa. Ningependa yaulizwe mapema kuliko hapo.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Makazi ya 1996, sehemu ya 7, pamoja na Sheria ya Kupunguza Ukosefu wa Makazi ya 2017 iliyoanza kutumika tarehe 3 Aprili 2018. Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini wana sheria zao, kwa hiyo ukiwa Glasgow au Cardiff usitegemee majibu haya.

Kwa kifupi, nani anastahili?

Kaunsili, yaani serikali ya mtaa, huangalia mambo matano: kama kweli huna makazi au uko karibu kuyakosa, kama hali yako ya uhamiaji inakuruhusu, kama uko katika kundi la kipaumbele, kama hukujitakia (yaani hukupoteza nyumba kwa makusudi yako mwenyewe), na kama una uhusiano na eneo hilo.

Watu wengi hufikiri ukianguka kwenye moja umeanguka kote. Sivyo. Ushauri wa bure ni wa kila mtu aliye katika eneo la kaunsili, hata asiye na karatasi. Ukitimiza mawili ya kwanza, hata kama ni kijana mzima usiye na mtoto wala ugonjwa, kaunsili ina wajibu wa kukaa nawe, kuandika mpango wa makazi unaokuhusu wewe, na kuchukua hatua za kukusaidia kwa siku 56. Kupewa mahali pa kulala wakati wanachunguza kunahitaji jambo moja zaidi: wawe na sababu ya kuamini kwamba huenda uko kwenye kipaumbele. Neno ni "huenda". Huhitaji kuthibitisha kila kitu siku hiyo ya kwanza. Ule wajibu mkubwa, wa kukutafutia makazi mpaka upate ya kudumu kidogo, ndio unaodai mambo yote.

Nalala sebuleni kwa dada yangu. Nina makazi au sina?

Hapa ndipo watu wetu wanapopotezea haki yao, na mara nyingi ni kwa sababu ya adabu tu.

Nilikuwa na mama mmoja mwenye watoto wawili. Afisa akamuuliza, "Usiku wa leo una mahali pa kulala?" Mama akajibu kama tulivyolelewa kujibu: "Tunashukuru Mungu, tunapata pa kujibanza." Ukitafsiri neno kwa neno, hilo ni ndiyo. Afisa akaanza kuandika. Nilimwomba asubiri, nikamwomba mama aeleze huko kujibanza kukoje. Ndipo yakatoka: godoro moja nyuma ya kochi, watu watatu juu yake, na kila siku saa kumi na mbili asubuhi ni lazima liwe limeshakunjwa kwa sababu mume wa mwenyeji anarudi kutoka kazi ya usiku. Mwenyeji mwenyewe alikuwa amefahamiana naye kanisani miezi miwili tu iliyopita, na alishamwambia mwisho ni Ijumaa.

Kisheria huyo hana makazi. Sheria haiulizi kama una paa juu ya kichwa usiku mmoja. Inauliza kama una mahali ambapo una haki ya kukaa, pamoja na familia yako, na kama ni jambo la busara uendelee kukaa hapo. Anayelala kwa rafiki kwa hisani, anayezunguka kila wiki kochi jipya, aliyefungiwa mlango na mwenye nyumba, aliye katika nyumba hatari kwa maisha yake, wote hawa wanaweza kuhesabiwa kuwa hawana makazi. Hata mwanamke aliye kwenye nyumba ya hifadhi baada ya kukimbia vipigo bado ni mtu asiye na makazi. Mahakama ya juu kabisa iliamua hivyo mwaka 2009 katika kesi iliyohusu Manchester.

Kwa hiyo ukiulizwa, weka pembeni kujisitiri. Sema nani ndiye mwenye nyumba, mko wangapi chumbani, unalala juu ya nini, na umeambiwa uondoke lini. Na ukisema "dada", eleza ni dada wa namna gani. Kwetu binamu ni dada, jirani ni dada, muumini mwenzako ni dada. Afisa ataandika kwamba mmezaliwa tumbo moja, na baadaye atauliza kwa nini ndugu yako wa damu anakufukuza.

Lazima ningoje nitolewe nje ndipo niende?

Hapana. Ukiwa unaelekea kukosa makazi ndani ya siku 56, tayari una haki ya kusaidiwa ili usiipoteze nyumba hiyo, au upate nyingine kabla ya siku kufika. Kaunsili inaweza kuzungumza na mwenye nyumba, kuangalia kama umekatwa benefiti (pesa za msaada wa serikali) isivyo haki, au kusaidia deposit, yaani amana, ya nyumba nyingine. Nenda na notisi siku unayoipata.

Kuanzia 1 Mei 2026 mwenye nyumba binafsi hawezi tena kutoa ile notisi ya kifungu 21 isiyotaja sababu. Ni lazima ataje sababu inayotambuliwa na sheria. Lakini kufukuzwa hakujaisha, na notisi ikifika usihame kwa aibu au kwa hofu. Ukirudisha funguo mapema unaweza kuambiwa umejitakia.

Kwa upande mwingine, zipo ofisi zinazomwambia mtu akae tu mpaka madalali wa mahakama wagonge mlango. Mwongozo wa serikali kwa kaunsili hauungi mkono tabia hiyo ya kumwacha mpangaji asubiri madalali, maana gharama za mahakama humwangukia yeye. Ukiambiwa hivyo, omba waiandike.

Karatasi zangu je?

Raia wa Uingereza na wa Ireland, aliyepewa hadhi ya ukimbizi au ulinzi wa kibinadamu, mwenye ruhusa ya kukaa bila kikomo, na mwenye "settled status" (ruhusa ya kudumu) ya raia wa Ulaya, kwa kawaida wanastahili. Baadhi yao, hasa waliotoka kuishi nje karibuni hata kama ni raia, huulizwa kama makazi yao ya kawaida yako hapa. Mkimbizi haulizwi hilo. Mwenye "pre-settled status" (ruhusa ya muda ya raia wa Ulaya) inategemea kama anafanya kazi au ana haki nyingine inayotambuliwa. Huyo aende kwa mshauri kwanza.

Anayesubiri uamuzi wa hifadhi hasaidiwi na ofisi ya makazi ya kaunsili. Yeye husaidiwa na Home Office, wizara ya mambo ya ndani, chini ya Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya 1999. Akishakubaliwa, makazi ya Home Office hukoma baada ya muda mfupi, na hapo ndipo wengi hujikuta barabarani. Ukipata barua ya kukubaliwa leo, nenda kaunsili wiki hiyohiyo. Usingoje ile siku ya kutoka.

Mwenye viza iliyoandikwa kwamba hana haki ya fedha za umma (mwanafunzi, mfanyakazi, mke au mume wa mtu) hapewi nyumba chini ya sheria hii, na kuomba kunaweza kumharibia viza. Azungumze na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza chochote. Lakini asikate tamaa. Mwenye watoto anaweza kwenda idara ya ustawi wa watoto ya kaunsili, chini ya kifungu 17 cha Sheria ya Watoto ya 1989, na msaada huo hauhesabiwi kuwa fedha za umma. Mtu mzima anayehitaji matunzo kwa ugonjwa au ulemavu ana Sheria ya Matunzo ya 2014. Na aliye hapa kwa msingi wa familia akiwa fukara anaweza kuiomba Home Office iondoe sharti hilo.

Nina nyumba nyumbani, Tanga. Niitaje?

Itaje. Sheria inasema mahali popote, "Uingereza au kwingineko", na kuficha jambo kama hilo kwa makusudi ni kosa la jinai. Lakini kuitaja si sawa na kukataliwa. Swali ni kama nyumba hiyo kweli iko wazi kwa ajili yako na familia yako, na kama ni busara kukutarajia uishi humo. Nyumba ya urithi ambamo wanaishi wajomba na watoto wao, kiwanja chenye msingi tu, nyumba ya baba ambayo wewe huna sauti juu yake, hizo eleza zilivyo. Kwetu mtu husema "nyumba yetu" kuhusu boma la ukoo mzima. Usiseme "yangu" kama si yako.

Nani yuko kwenye kipaumbele?

Mjamzito, kuanzia siku mimba inapojulikana, na anayeishi naye. Anayelea watoto wanaomtegemea. Waliounguliwa na nyumba au kukumbwa na mafuriko. Waliokosa makazi kwa kukimbia ukatili wa nyumbani. Vijana wa miaka 16 na 17, ingawa hao mara nyingi hupelekwa kwanza idara ya watoto. Waliolelewa na serikali, wakiwa na miaka 18 hadi 20.

Kuhusu watoto: si lazima uwe umemzaa. Ukimlea mtoto wa marehemu kaka yako kama wako, na anakutegemea, sema hivyo na upeleke ushahidi, barua ya shule au ya daktari. Mtoto hapa kwa kawaida ni aliye chini ya miaka 16, au wa 16 hadi 18 akiwa bado masomoni.

Halafu kuna wale ambao sheria inawaita dhaifu: kwa uzee, ugonjwa wa akili, ulemavu, au sababu nyingine maalumu, ikiwemo kutoka jela au jeshini. Hapa ndipo penye mabishano mengi. Zamani maafisa walikuwa wakimlinganisha mtu na wale waliokwisha kuishi mitaani, ambao wengi ni wagonjwa, kisha wanasema wewe una nafuu. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Hotak dhidi ya Southwark, ilisema kipimo ni mtu wa kawaida akikosa makazi: je, wewe utaumia zaidi kuliko yeye kwa namna inayoonekana? Kwa hiyo barua ya daktari isiyosema zaidi ya "ana kisukari" haitoshi. Iseme insulini inakaa kwenye friji, sindano ni mara ngapi kwa siku, na itakuwaje ukilala nje. Msongo wa mawazo baada ya vita ni ugonjwa pia. Wazee wetu waliotoka Kivu hawapendi kuutaja, wanasema ni "mawazo tu", na afisa anaandika hana tatizo la afya.

Mume wangu hanipigi, ila ananitukana, anashika simu na pesa zote. Hiyo ni sababu?

Ndiyo. Mahakama ya Juu ilishaamua mwaka 2011, katika kesi ya Yemshaw dhidi ya Hounslow, kwamba ukatili si ngumi tu, na Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya 2021 imetaja wazi ukatili wa maneno, wa kudhibiti mtu na wa kiuchumi. Hakuna anayepaswa kukuambia ungebaki kwa sababu jina lako liko kwenye mkataba. Tangu Julai 2021 aliyekosa makazi kwa ukatili wa nyumbani ana kipaumbele moja kwa moja, awe na mtoto au asiwe naye.

Unaweza kwenda kaunsili yoyote, hata ya mji ambao hujawahi kuishi, na hawawezi kukurudisha mahali ulipo hatarini. Omba mkalimani asiyetoka kwenye jamii yako ya karibu, na mtoto wako asiwe mkalimani kamwe. Kama uko hapa kwa viza ya mume, upo utaratibu wa Home Office wa kukupa miezi mitatu yenye haki ya fedha za umma wakati unaomba ruhusa yako mwenyewe. Simu ya taifa ya ukatili wa nyumbani ni 0808 2000 247, bure, mchana na usiku.

Wameniambia nimejitakia. Maana yake nini?

Maana yake wanasema ulifanya kwa makusudi, au uliacha kufanya, jambo lililokufanya upoteze nyumba ambayo ingekuwa busara ubaki nayo. Neno hili likitua kwenye Kiswahili linauma, nimeona mzee akisimama akitaka kuondoka kwa kudhani ametukanwa. Ni neno la kisheria na linaweza kupingwa.

Malimbikizo ya kodi hayatoshi peke yake. Katika kesi ya Samuels dhidi ya Birmingham, iliyoamuliwa mwaka 2019, mama wa watoto wanne alikuwa akilipa kodi ya pauni 700 kwa mwezi huku benefiti ya nyumba ikiwa pauni 548.51. Kaunsili ilisema angebana matumizi mengine akaziba pengo. Mahakama ya Juu ikakataa: pesa za benefiti ni za kumwezesha mtu kuishi, na cha kuuliza ni mahitaji ya kawaida ya mama na watoto wake yanagharimu kiasi gani. Kwa hiyo andika hesabu yako yote, chakula, umeme, nauli, sare za shule. Pesa unazotuma nyumbani zitaulizwa. Eleza ni za nani na kwa nini, usizifiche.

Kulipa kodi ya nyumba kwa mtu aliyekudanganya ukaamini kwa nia njema si kujitakia. Kupoteza nyumba kwa ugonjwa wa akili si kujitakia. Hata wakikuandikia kwamba umejitakia, ukiwa kwenye kipaumbele wana wajibu wa kukuweka mahali kwa muda unaokutosha kujitafutia.

Nimetoka mji mwingine. Watanirudisha?

Wanaweza kukupeleka kwa kaunsili ya kule, si kukuambia tu "nenda". Wewe unaomba popote, wao ndio wanaoandikiana. Uhusiano na eneo ni kuishi hapo kwa hiari miezi 6 katika 12 iliyopita au miaka 3 katika 5, au kufanya kazi hapo, au kuwa na ndugu wa karibu (mzazi, mtoto mkubwa, kaka au dada) aliyeishi hapo miaka 5. Aliyepangiwa mji na Home Office akisubiri hifadhi huhesabiwa ana uhusiano na mji wa mwisho aliopangiwa, hata kama hakuupenda.

Niende na nini?

Kitambulisho au viza ya kielektroniki, notisi, mkataba, vyeti vya watoto, barua za daktari, taarifa za benki, na barua ya mwenyeji wako inayotaja tarehe ya mwisho. Ukikosa hata moja, nenda hivyohivyo. Hakuna fomu maalumu inayodaiwa na sheria. Kusema kwa mdomo kwamba huna pa kukaa na unahitaji msaada ni maombi tayari.

Omba mkalimani wa Kiswahili, na useme ni Kiswahili cha wapi. Mtu wa Bukavu na mkalimani wa Mombasa wanaweza kupishana kwenye maneno ya nyumba na kodi. Na miadi ikipangwa, hakikisha tarakimu: "9am" ni saa tatu asubuhi. Kuna waliofika saa tisa alasiri, wakaandikiwa kwamba hawakutokea.

Wamenirudisha mlangoni. Nifanye nini?

Mara moja nilikaa na familia tangu asubuhi mpaka karibu ofisi ifungwe. Mfanyakazi wa mapokezi alisema, bila kuandika chochote, kwamba hawana nyumba na tujaribu kesho. Tukamwomba jambo moja tu: jina lake na uamuzi huo kwa maandishi. Aliingia ndani, na baada ya nusu saa akatoka afisa mwingine akiwa na funguo za chumba. Hatukujua sheria yoyote ngumu siku hiyo. Tulijua tu kwamba uamuzi wa mdomo si uamuzi.

Piga simu Shelter, shirika la hisani la makazi, 0808 800 4444, au nenda Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure. Baada ya saa za kazi kaunsili ina simu ya dharura ya makazi. Suala la kukosa makazi linaingia kwenye msaada wa kisheria wa serikali, kwa hiyo mwenye kipato kidogo anaweza kupata wakili bila kulipa.

Watachukua watoto wangu?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini. Kukosa nyumba peke yake si sababu ya kukutenga na mtoto. Idara ya watoto haiwezi kumchukua bila ridhaa yako au amri ya mahakama, isipokuwa polisi waone hatari ya papo hapo. Ukiambiwa "tunaweza kumpa nafasi mtoto, si wewe", usitie saini yoyote mpaka uzungumze na wakili.

Wametupa chumba cha hoteli, au nyumba mji wa mbali. Nikatae?

Usikatae kwa hasira. Ukikataa wanaweza kufunga faili. Pokea, kisha pinga. Familia yenye mtoto au mjamzito haipaswi kukaa kwenye hoteli ya kushiriki choo na jiko zaidi ya wiki 6. Kuhusu umbali, katika kesi ya Nzolameso dhidi ya Westminster, mwaka 2015, mama wa watoto watano alipewa nyumba karibu na Milton Keynes, mbali na London alikozoea. Mahakama ya Juu ikasema kaunsili ni lazima itafute karibu kadiri inavyowezekana na ieleze kwa nini imeshindwa. Waandikie kuhusu shule, hospitali, kazi, na nani anakusaidia kulea.

Barua inasema hapana. Imeisha?

Una siku 21 tangu kupokea barua kuomba mapitio. Sentensi moja inatosha: "Naomba mapitio ya uamuzi wa tarehe fulani." Sababu unaweza kuleta baadaye. Kwa kawaida wana wiki 8 kujibu. Wakikataa tena, una siku 21 nyingine kwenda mahakama ya kaunti, na huko panahitaji wakili kwa sababu hoja ni ya kisheria. Wakati huohuo waombe kwa maandishi wasikutoe kwenye makazi ya muda. Hawalazimiki kukubali, ila wanalazimika kulifikiria ombi lako.

Bahasha uhifadhi pamoja na barua, na juu yake uandike siku uliyoipokea.